Pimeni chini ya theluji: barua ya wazi kwa wasimamizi wa kilimo katika nchi za baridi

Kwa mawaziri wa kilimo, wakuu wa taasisi za mbegu, wasimamizi wa bima na mifuko ya fidia, na wakurugenzi wa hali ya hewa

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu mazao yasiyo na msemaji. Ngano inao wasemaji, viazi vinao, hata maua yanao. Malisho ya kudumu hayana, yaani lusene (alfalfa) na klova, ambazo ni jamii ya kunde, pamoja na timothi na nyasi nyingine, ilhali ndiyo yanayobeba maziwa na nyama ya nchi zenu. Kila baada ya miaka michache mambo hujirudia: theluji inayeyuka, mashamba yanajitokeza yakiwa na mabaka ya kijivu, wakulima wanahaha kutafuta mbegu na nyasi kavu za kununua, kamati inaundwa, fidia inatolewa, na mwisho wa yote taarifa inaandikwa kwamba baridi ya mwaka huo ilikuwa kali. Ugomvi wangu na ninyi uko kwenye sentensi hiyo ya mwisho. Mara nyingi baridi haikuwa kali. Mara nyingine ilikuwa hafifu mno, na ndiyo sababu mimea ikafa.

Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hufungwa mita moja na robo hadi mbili juu ya ardhi. Wakati wa baridi mmea wa malisho hauna chochote huko juu. Uhai wake umejificha kwenye shingo ya mmea, pale shina linapokutana na mzizi, kwenye uso wa udongo au sentimita chache chini yake. Hapo ndipo yalipo machipukizi ya mwaka unaofuata. Theluji laini huwa imejaa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Ikishika sentimita 15, nje panaweza kuwa nyuzi 25 chini ya sifuri na shingo ile ikabaki kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, salama kabisa. Upepo ukiifagia theluji hiyo kutoka mgongo wa kilima, usiku mmoja ambao wala si wa kutisha unaweza kumaliza kilichovumilia miezi miwili ya baridi kubwa zaidi. Kwa hiyo ule wastani wa Januari mnaopenda kuuweka ukurasa wa kwanza hautuelezi lolote kuhusu kifo cha lusene. Unatueleza hali aliyoikuta mtu aliyesimama nje.

Najua vipo vituo vinavyopima joto la udongo kwenye sentimita 5 au 10. Ni vichache, vingi viko kwenye uwanja tambarare uliotunzwa, na takwimu zake hazisomwi na mtu anayeamua lolote kuhusu malisho.

Sasa niseme kuhusu barafu, kwa sababu hapa ndipo uzembe unapotugharimu zaidi. Katikati ya kipupwe huja siku tatu za joto, mvua inanyesha juu ya theluji, na udongo uliopo chini bado umeganda kama ulivyo. Maji hayana pa kwenda. Yanajikusanya kwenye mabonde madogo ya shamba, kisha baridi inarudi na yote yanakuwa bamba moja gumu lililokumbatia mimea. Mmea uliolala haujafa, unapumua polepole. Ndani ya barafu hauna oksijeni ya kupumulia, basi unageukia njia ya uchachu, na mabaki yake, kaboni dioksidi, alkoholi na asidi mbalimbali, yanajaa palepale kwa kuwa bamba halipitishi hewa. Mmea unasumishwa na pumzi yake mwenyewe. Ukilipasua bamba hilo kwa shoka mwezi Machi, harufu kali ya uchachu inakupanda puani kabla hujaona hata jani moja. Wakulima wenye uzoefu huitambua harufu hiyo na kuanza kupiga simu kutafuta mbegu, wakati majirani bado wanaamini shamba lao limelala tu.

Mimea haivumilii barafu kwa kiwango kimoja. Timothi ni ngumu, hukaa majuma mengi ndani ya barafu na kuamka. Raigrasi ya kudumu na nyasi ya okadi (Dactylis glomerata) hukata tamaa mapema. Lusene kwa kawaida hupewa kiasi cha majuma matatu, na baada ya hapo kila siku inayoongezeka inahesabiwa kwa mimea iliyokufa. Majuma matatu! Maana yake ni kwamba tarehe ya bamba kushika na tarehe ya kuachia ndizo habari kuu za msimu mzima, na sijaona nchi inayozitangaza kwa mkulima wa malisho namna inavyomtangazia rubani hali ya mawingu. Kama zingetangazwa, mtu mwenye mtaro ulioziba angejua ni lini aufungue, na mwenye majivu au mchanga angejua ni lini aumwage juu ya barafu ili jua lisaidie kuitoboa. Kazi hizo zina siku chache za kufaa. Zikipita, zimepita.

Joto lile la siku tatu lina madhara mengine yasiyoonekana. Kuvumilia baridi si tabia ambayo mmea unayo wakati wote. Huitafuta kila mwaka. Siku zinapofupika na joto linaposhuka chini ya nyuzi 5, mmea huacha kurefuka na kuanza kuweka akiba. Lusene hujaza mizizini sukari za sukrosi, rafinosi na stakiosi, nyasi hujaza sukari ya akiba iitwayo fruktani, na seli hubadilika taratibu hadi ziweze kustahimili barafu inayojitengeneza baina yake. Kazi hiyo huchukua majuma kadhaa. Kuibomoa kunachukua siku chache za joto, na mmea uliokwisha kulegea katikati ya kipupwe haurudi tena kwenye ukakamavu wake wa mwanzo. Watafiti wa Kanada waliandika mapema miaka ya 2000 kwamba mashariki mwa nchi yao ongezeko la joto duniani linaweza kuzidisha vifo vya malisho badala ya kuvipunguza: vuli yenye joto huuandaa mmea vibaya, theluji inapungua, mvua za kipupwe zinaongezeka. Zaidi ya miaka 20 imepita tangu onyo hilo, na bado nasikia katika mikutano kwamba joto litawaondolea wafugaji wa kaskazini mzigo.

Tena kuna kuvu, na huko sitakaa sana ingawa wanasayansi wa mimea watanilaumu. Ukungu wa theluji hula mmea taratibu gizani kwenye joto la karibu na sifuri, hasa pale akiba ya sukari ilipokwisha. Typhula ishikariensis hupenda theluji nene iliyodumu muda mrefu. Huacha punje ndogo nyeusi zimenata kwenye majani yaliyooza, unaziona kwa macho ukipiga magoti. Microdochium nivale haihitaji theluji hata kidogo. Klova nyekundu ina adui yake, Sclerotinia trifoliorum. Jambo la kushika ni kwamba ukijua ni ukungu gani ulioshambulia, umejua kipupwe kilikuwaje pale chini. Fomu zenu za fidia, zile nilizowahi kuziona, zina kisanduku kimoja tu: uharibifu wa baridi, ndiyo au hapana.

Wako waliojifunza kwa kulipa. Mashariki mwa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, mwaka 1975, malisho yalikufa kwa eneo kubwa. Udongo huko ulikuwa ukiganda kwa kina kabla theluji haijashika, na hiyo ndiyo hali inayoupendeza ukungu uitwao Sclerotinia borealis. Mashamba mengi yalikuwa ya nyasi ya okadi. Baada ya hapo timothi ikachukua nafasi yake, na mpaka leo ndiyo nyasi kuu ya eneo hilo. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, na ulitokana na watu kuchunguza sababu, hawakuishia kuhesabu hasara.

Lakini kisa cha Hokkaido kina sehemu ya pili, ambayo ndiyo inayonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 udongo wa kule ulianza kuganda kwa kina kidogo zaidi, kwa sababu theluji nene ilikuwa ikiwahi kufunika ardhi. Viazi vilivyosahaulika shambani vikaanza kupona kipupwe na kuota kama magugu katika zao linalofuata. Watafiti wakatengeneza njia ya kukadiria kina cha mgando kutokana na theluji na joto la hewa, na wakulima wakawa wanaisukuma theluji pembeni kwa matrekta kwa siku zilizopangwa, ili baridi iingie ardhini kiasi cha kuua viazi hivyo, isizidi. Yaani inawezekana kabisa kujua yanayotokea chini ya theluji wakati yanatokea, tena kwa usahihi wa kumwezesha mkulima aamue kesho afanye nini. Viazi vimeshapata huduma hiyo. Malisho yanasubiri nini?

Nije kwenye mbegu. Mwaka 1857 mhamiaji mmoja kutoka Baden, Ujerumani, Wendelin Grimm, alifika Carver County, jimbo la Minnesota, Marekani, akiwa na mfuko mdogo wa mbegu za lusene za kwao. Alizipanda, na baridi ya Minnesota ikaua sehemu kubwa. Akachukua mbegu za zilizobaki, akapanda tena, zikafa tena nyingi, akachukua za zilizobaki. Aliendelea hivyo miaka na miaka bila kujua kwamba anafanya utafiti, hadi mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipoelewa alichokuwa nacho. Lusene ya Grimm ikaenea Marekani ya kaskazini na Kanada na kuwa msingi wa kilimo cha lusene katika maeneo ambayo awali haikuweza kuishi.

Siwaombi mrudi kwenye subira ya Grimm. Naomba muangalie ni nini kilichokuwa kikichagua mbegu zake: kipupwe kizima cha mahali pale, pamoja na upepo wake, barafu yake na joto lake la ghafla. Leo mbegu nyingi huchujwa kwa kipimo cha LT50, yaani joto linaloua nusu ya mimea ndani ya chumba cha baridi. Ni kipimo kizuri cha jambo moja. Mimea huandaliwa vizuri, haipati joto la Januari, haifungiwi kwenye barafu, halafu inagandishwa. Wauzaji wa lusene nchini Marekani hutumia alama mbili, ya kulala wakati wa vuli, kuanzia 1 hadi 11, na ya kustahimili kipupwe, kuanzia 1 hadi 6, na kuzitenganisha hizo mbili ilikuwa hatua ya maana, kwani zamani kulala mapema kulichukuliwa kuwa ndiko kustahimili. Alama ya barafu haipo. Mkulima mwenye shamba la bondeni, ambaye adui yake ni bamba na si baridi kavu, ananunua mbegu kwa kutumia kipimo cha tatizo la mwenzake wa kilimani.

Nina jambo la kuwaambia watu wa bima na fidia, na hili nalisema bila kupepesa. Mnalipia kifo kinachoonekana masika na kuifumbia macho sababu yake iliyoanza vuli. Mkato wa mwisho wa malisho kabla ya kipupwe ndio unaoamua mambo mengi. Lusene iliyokatwa majuma manne hadi sita kabla ya baridi ya kuua huanza kuchipua upya, inakula akiba ya mizizi, kisha baridi inaikuta haijairudisha. Mashariki mwa Kanada kuna kanuni inayofahamika: kila siku huhesabiwa nyuzi zilizozidi 5, na kati ya mkato wa mwisho na ule uliotangulia jumla hiyo ifike 500. Aliyesubiri anapata pia mabua marefu yanayokamata theluji shambani isipeperuke. Aliyekata mapema mno, akakata na mabua mpaka chini, ameuacha mmea uchi. Likitokea balaa, wote wawili wanajaza fomu ileile na kulipwa kwa kiwango kilekile.

Mtanijibu kwamba mkulima anajua hatari na amechagua mwenyewe. Anajua, ndiyo. Lakini mwaka ambao kiangazi kilikuwa kikavu, ghala halina kitu na ng'ombe hawawezi kuambiwa wasubiri, utamshauri nini? Atakata, na mimi ningekata. Hapo ndipo fedha yenu ingefaa: kumsaidia apate nyasi za kununua na usafiri wake mwezi Septemba, ili ayaache yaliyo shambani. Msaada huo ukija Mei unakuta shamba limeshakufa, na unalipa mara mbili, mbegu na lishe. Ulizeni tu tarehe ya mkato wa mwisho kwenye fomu, mkamlipe zaidi aliyeacha. Ni mstari mmoja wa karatasi.

Na ukaguzi wenyewe. Niliwahi kusimama ukingoni mwa shamba la lusene na mkaguzi aliyetumwa kuthamini hasara. Shamba lilikuwa la kijani. Alilitazama kutoka barabarani, akaandika kwamba limepona. Tulichukua sepeto tukachimba mimea michache hadi kina cha sentimita 15 na kuipasua mizizi kwa kisu, kutoka juu kwenda chini. Mzizi mzima huwa mweupe na mgumu ndani. Ile ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ukiiminya inatoa maji, na nyuzi zake zinachomoka kama uzi. Kwenye shingo machipukizi yalikuwa upande mmoja tu. Kijani kile kilikuwa akiba ya mwisho inatumika. Majuma matatu baadaye sehemu kubwa ilikuwa imelala chini. Madai yakarudishwa kwa maelezo kwamba hasara imetokea baada ya kipupwe, kwa hiyo haimo kwenye mkataba.

Ucheleweshaji wa namna hiyo unauma kuliko mtu wa ofisini anavyodhani, maana lusene iliyokaa shambani miaka huacha kwenye udongo kemikali zinazozuia miche ya lusene mpya. Huwezi kuziba mapengo kwa kumwaga mbegu ileile. Inabidi kulima, kupanda mahindi au nafaka kwa mwaka mmoja angalau, ndipo lusene irudi. Anayejua mwezi Aprili bado ana nafasi ya kupanga hayo. Anayejuzwa mwishoni mwa Mei ameshapoteza msimu. Mwongozo wa Chuo Kikuu cha Wisconsin unampa mtu kipimo rahisi lusene ikifika kimo cha sentimita 15: mashina 55 au zaidi kwa futi moja ya mraba, shamba lina nguvu zake zote, chini ya 39, fikiria kulibadilisha. Kipimo hicho kikiambatana na sepeto, mkaguzi hahitaji shahada kukitumia. Anahitaji kushuka kwenye gari.

Ninachowaomba hakina ukubwa wa kutisha bajeti. Wakurugenzi wa hali ya hewa, zikeni vipimajoto kwenye sentimita 2 na 5 ndani ya malisho halisi ya wakulima, bondeni na kwenye mgongo unaopigwa na upepo, na kila juma mtangaze joto la pale, kina cha theluji na umri wa barafu. Vifaa vya kurekodi vyenyewe si ghali siku hizi. Kilicho ghali ni uzoefu wa mtu wa kuvisoma, na watu hao mnao tayari. Taasisi za mbegu, ongezeni jaribio la barafu na la kulegea kwa joto katikati ya kipupwe, na matokeo yachapishwe pembeni ya mavuno, si kwenye kiambatisho. Watu wa fidia, nimeshasema: tarehe ya mkato, sababu ya kifo badala ya kisanduku kimoja, na ukaguzi wa mara mbili, wa kwanza mapema kwa sepeto, wa pili kwa kuhesabu mashina. Norwe imewahi kuwa na utaratibu wa serikali wa kufidia malisho yaliyoharibiwa na kipupwe, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema jambo hili liko nje ya kazi ya serikali. Swali ni serikali inanunua nini kwa fedha hiyo.

Mawaziri, ninyi mna kazi moja tu: kuwaketisha hawa watatu kwenye meza moja, kwa kuwa kwa sasa mwenye kipimajoto hajui anachokitafuta mwenye mbegu, na mwenye fidia hamsikilizi yeyote kati yao. Vipimajoto vinazikwa kabla udongo haujaganda. Kwa sehemu kubwa ya nchi zenu hiyo ni Oktoba, na kwa za kaskazini zaidi ni Septemba. Naomba majibu yenu kabla ya hapo.

Wasalaam,

Mdau wa malisho